Jina Lililovuliwa Mlangoni

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la wodi ya wazazi, nimekumbatia beseni na chupa ya chai, na nesi ndiyo kwanza katoa kichwa mlangoni akasema, "Msichana. Mama na mtoto wote wazima."

Kwa ambao hawakuwepo: mimi ni fundi makochi. Kabla ya benchi hilo karakana yetu iliingia maji, baiskeli yangu ikaibwa nikiwa nimeiegemea, na kochi la maharusi likakataa kupita mlangoni kwao mpaka tukang'oa dirisha. Mkadhani mikosi imeniishia. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kumbe ilikuwa inavuta pumzi tu.

Pale pale benchini, ubavuni kwangu, alikaa Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Hakuuliza mtoto ana uzito gani. Hakuuliza kafanana na nani. Aliuliza neno moja.

"Jina?"

Niwaeleze kidogo. Ukoo wetu hauna mali, ila una desturi yake ya majina, na tunaishika kama watu walioshika nguzo kwenye mafuriko. Mtoto wa kwanza akiwa wa kiume, anachukua jina la baba wa baba yake. Akiwa wa kike, la mama wa baba yake. Baba wa mtoto anamnong'oneza shangazi yake hilo jina, shangazi analitangaza mbele ya ndugu, na mwenye jina, ambaye sasa ni somo wa mtoto, anampakata. Likishatangazwa na mtoto akishapakatwa, halirudi.

Rahisi kabisa, kama una mama mmoja.

Mimi nina wawili. Aliyenizaa aliondoka nikiwa bado natambaa. Alifunga sanduku lake mchana kweupe, akaenda zake, na sababu sijaambiwa mpaka leo. Aliyenilea ni Mama Pasi. Mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu anapiga pasi nguo za watu: mashati ya wenye ofisi, sare za shule, mpaka mapazia. Yeye mwenyewe hakuzaa. Aliingia nyumbani kwetu akanikuta nimekaa uani nala mchanga, akanitoa mchanga mdomoni kwa kidole, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake ya harusi.

"Jina la Mama," nikamjibu Shangazi.

"Mama yupi?"

"Mama Pasi. Kwani ninaye mwingine?"

Shangazi akasonya, msonyo mrefu, wagonjwa wawili wakageuka.

"Huyo tunamshukuru kwa malezi. Bibi wa mtoto ni aliyekuzaa. Damu ndiyo yenye jina."

"Basi tumwite Grupu O, tumalize."

Hakucheka. Shangazi na kicheko waligombana zamani.

"Wewe tania," akasema. "Siku ya jina nitamleta mwenyewe, umtazame machoni umwambie hakukuzaa."

Nikachukulia ni maneno ya hasira. Ningekuwa na akili siku hiyo, ningeyachukulia ni ratiba.

*

Mke wangu alifurahi. Alikuwa amelala ubavu, mtoto kajibana kwapani, na aliposikia jina ni la Mama Pasi, alinishika mkono.

"Umefanya la maana. Kwani anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mama. Jina lake."

Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa.

"Unatania," akasema.

Sikuwa natania. Natania maisha yangu yote, na siku moja nisiyotania ndiyo hiyo. Mimi nilimwita Mama. Baba alimwita "mwenzangu" akiwa ameshiba na "wewe" akiwa na njaa. Majirani walimwita mama wa jina langu mimi, halafu pasi ikanipiku. Huyu ni mtu aliyenifundisha kufunga vifungo. Nilipovunjika mkono alilala chini ya kitanda changu hospitalini. Siku ya harusi yangu alinifunga tai akaifungua, akaifunga akaifungua, mpaka ikakaa alivyotaka. Na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha ufundi, sijui anaitwaje!

"Kamuulize," mke wangu akasema.

"Niende nikamuulize mama yangu jina lake? Na ndevu hizi?"

"Basi mtoto wako ataitwa Nani."

Akageukia ukutani, na mtoto akageuka naye.

*

Sijui nani aliyeipeleka habari hii karakanani, lakini nilipofika ilikuwa imeshakaa kwenye kiti inaninywea chai.

Mwenzangu wa kazi tunamwita Misumari, kwa sababu anapopigilia kitambaa huhifadhi misumari mdomoni, na haachi kuongea.

"Baba Nani, hujambo?" akasema kupitia misumari.

"Sijambo."

"Na Mama Nani?"

"Fanya kazi."

"Mimi nafanya. Nauliza tu, Nani mwenyewe anaendeleaje? Ananyonya?"

Kufika mchana wateja wote walikuwa wananiita Baba Nani. Mama mmoja aliyeleta viti vyake vibadilishwe sponji alinipa mkono kwa moyo mweupe kabisa. "Hongera sana, Baba Nani. Jina zuri. La kigeni, eh?"

Nilimshukuru. Ningefanyaje? Nikarudi kwenye kazi yangu nikapigilia kitambaa cha kochi zima, mgongo na mikono, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia. Maua yote yalikuwa kichwa chini.

"Acha hivyo hivyo," Misumari akasema. "Mteja akitaka kuyaona vizuri, asimame kwa mikono."

Nikafumua. Kila msumari niliong'oa niliung'oa kwa hasira ya mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikasema, ya nini kujitesa? Baba yupo. Mume anajua jina la mkewe.

Nilimkuta Baba uani ananyoa ndevu, kioo kakiegemeza dirishani. Baba alikuwa mlinzi wa bohari miaka yote ya kazi yake, na bado anajibu maswali kama anayelinda kitu.

"Baba, Mama anaitwa nani?"

"Mama nani?"

"Mama. Mkeo."

Wembe ukasimama shavuni. "Umekunywa nini?"

"Sijanywa. Nataka jina lake, la mtoto."

"Tafuta jingine. Majina yamejaa duniani."

"Desturi inasema la mama wa baba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi mwite Mama Pasi." Akacheka peke yake, akajikata.

"Baba, nakuuliza kwa heshima. Mke wako anaitwa nani?"

Akachukua taulo akajifuta damu taratibu, kidevu chote, hata pasipo na damu.

"Jina hilo halitajwi ndani ya nyumba hii," akasema. "Nilishasema zamani. Sirudii."

Sasa hapo nikachanganyikiwa. Jina gani la kutisha namna hiyo? Nikamuuliza jirani tunayechangia naye ukuta, mwanamke ambaye shuka zake Mama amezinyoosha tangu mimi sijui kuandika. Akafikiri. Akakuna kichwa. "Mama Pasi si anaitwa Mama Pasi?" Nikamuuliza mwenye duka la kona. Akasema anamjua sana, sana, kama dada yake. Jina? Akaniuzia kiberiti sikuhitaji.

Jioni hiyo nikaenda kwa mwenyewe.

*

Katika chumba cha kazi cha Mama kuna mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, ukatandikwa blanketi na shuka. Ndiyo meza. Pembeni kuna chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa, ya kunyunyizia. Anaanza na kola, halafu mikono, kifua mwisho. Hajawahi kuunguza nguo ya mtu.

"Mama, nikuulize jambo la aibu?"

"Umeiba?"

"Hapana."

"Umeoa mke wa pili?"

"Mama!"

"Basi hakuna aibu hapo. Uliza."

"Unaitwa nani?"

Nilitegemea anicheke. Hakunicheka. Aliisimamisha pasi kwa kisigino chake, akakunja mikono, akanitazama kama anatafuta mahali pa kuniwekea kitu kizito. Halafu akaniambia.

Nikakaa juu ya mashuka aliyokwisha kuyanyoosha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakunifokea.

Jina lenyewe siliandiki hapa, kwa sababu mpaka naandika kesi yake haijaisha. Lakini nilikuwa nalijua. Ukoo mzima unalijua. Ndilo jina la yule aliyefunga sanduku.

"Yanafanana?" nikauliza, kama mjinga.

"Hayafanani. Ni lile lile. Yeye alipewa na wazazi wake, mimi na wangu. Hakuna aliyemwibia mwenzake."

"Sasa kwa nini..."

"Siku naingia nyumba hii, baba yako alinisimamisha pale kizingitini. Alikuwa bado mbichi kwa uchungu, hata uso hajaosha vizuri. Akaniambia, mama, jina hilo limeniumiza, kila nikilisikia namwona yule anatoka na sanduku. Humu ndani silitaki. Nikasema haya. Nikalivua mlangoni pamoja na viatu." Akaichukua pasi. "Viatu nilivivaa kesho yake."

Nikatafuta mzaha. Mimi hata msibani huwa sikosi. Siku hiyo nilikosa.

"Na hukuwahi kumwambia akurudishie?"

"Ulikuwa unatambaa kuelekea jikoni kwenye moto. Nilikuwa na kazi."

Akanyoosha kola. Akainyoosha tena ile ile.

"Nitampa mtoto," nikasema.

"Usithubutu. Watasema umemkumbuka yule. Na baba yako atalala njaa."

"Alale."

"Nimekukataza."

Akanigeuzia mgongo. Pasi ilikuwa inapita kwenye shati, inapita, na mimi naona kabisa imeshapoa. Halafu, bila kugeuka, akasema kwa sauti ndogo:

"Hebu litamke."

Nikalitamka.

"Tena."

Nikalitamka tena, polepole, kama namwita mtu aliye chumba cha pili. Mabega yake yakacheza. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Loo! Kama naitwa na mama yangu, nimechelewa kurudi kutoka mtoni." Akajifuta macho kwa mkono wa shati la mteja, akashtuka, akalirudisha kwenye meza kulinyoosha upya. "Sikia. Ukimpa, usimpe nusu nusu. Lisemwe kwa sauti, na watu wajue ni langu. La sivyo liache lilale. Niahidi."

Nikamuahidi.

Wasomaji, nimeahidi vitu vingi katika hadithi hii. Kochi la maharusi niliahidi litapita mlangoni. Lakini ahadi hii niliitoa nimesimama, mkono kifuani, na niliimaanisha.

*

"Mweleze Shangazi mapema," mke wangu akasema. "Kaa naye chini, mweleze yote, taratibu."

Ushauri mzuri. Nikaenda kwa Shangazi, nikafika mlangoni, nikamsikia ndani anamgombeza mtu kwa jambo dogo la kijiko, nikarudi.

Nikajiambia nitamweleza siku yenyewe, nitakapomnong'oneza. Nilisahau kitu kimoja: desturi yetu inaruhusu neno moja tu sikioni. Jina, basi. Si hotuba.

Baba nilimwambia. Nilimwambia nimelijua jina na nitampa mtoto, na sababu yake naijua. Hakunigombeza. Alikaa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Fanya utakavyo," akasema. "Mimi nitakuwepo. Ila kulitamka, usinitegemee."

Siku ikafika. Sebule ya Baba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya kochi, kochi nililolifunika mimi mwenyewe, nikawa nasikia mbao zinalia chini yao na siwezi kusema kitu. Mlangoni viatu vilipandana. Mama Pasi alitokea amevaa gauni la bluu lililonyooka mstari kwa mstari. Nguo zake huwa za mwisho, hupigwa pasi ikiwa inapoa. Siku hiyo alikuwa ameanza na yake.

Alikaa kwenye kiti cha pembeni, kampakata mtoto. Mke wangu alinikonyeza. Misumari alikuwa mlangoni, mdomoni hana kitu, akaonekana kama mtu mwingine.

Shangazi akainama, akaniletea sikio. Nikanong'ona jina.

Uso wake ukafunguka. Sijawahi kuyaona meno ya Shangazi yote kwa mpigo.

"Mwanangu!" akasema, akanishika mashavu. "Nilijua! Nilijua damu itasema!"

"Shangazi, subiri, ni la Mama P..."

"Shhh! Neno moja!"

"Lakini siyo..."

"Neno moja, umeshalisema!" Akajigeuza kwa watu, akaliachia jina lile kwa sauti ya kufika barabara kuu. Vigelegele vikapasuka. Nikamwona Baba anafumba macho kama mtu aliyepigwa na vumbi. Nikamwona Mama Pasi anainua kichwa, midomo imefunguka kidogo, na kwa muda mfupi sana, mfupi kama kiberiti kikiwaka, ahadi yangu ilikuwa imetimia.

"Na mwenye jina," Shangazi akapaza, "hayuko mbali! Ingia, mama, ingia!"

Mlango wa uani ukafunguka.

Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na paji langu la uso. Mwanamke wa makamo, kilemba safi, mkoba kaushika kwa mikono miwili kama anayeogopa kuombwa kitu. Alikuwa tayari analia.

"Sikutegemea," akasema, akinitazama. "Shangazi yako aliniambia nije niombe radhi, na mimi nilikuwa nije niseme hilo tu niondoke. Sikujua utanipa heshima hii. Wallahi sikujua."

Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kilemba tu.

Shangazi hakungoja. Alimwinua mtoto kutoka kwenye mapaja ya Mama Pasi kama mtu anayetoa mto kwenye kochi, akamweka mikononi mwa yule mwanamke. Vigelegele tena.

"Siyo huyo!" nikapiga kelele.

Vigelegele vikakatika.

"Siyo huyo nini?" Shangazi akauliza.

"Jina siyo lake!"

"Jina si lake? Wewe, anaitwaje huyu?"

"Anaitwa hivyo hivyo."

"Basi ni lake."

"Ni lake, lakini sikumpa yeye. Nimempa Mama Pasi!"

"Mama Pasi tangu lini akaitwa hivyo?"

"Tangu kuzaliwa!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wa pili. Halafu sebule nzima, kochi likilia mbao chini yao.

"Mwacheni, ndiyo zake," mmoja akasema. "Harusini kwa binamu yake si alitangaza bwana harusi karuka ukuta? Watu walikimbia nje!"

"Na msibani kwa mzee je? Alisema amesikia mtu anagonga kutoka ndani!"

"Safari hii hutupati, Baba Nani!"

Ndugu zangu wasomaji, nimekula ngumi, nimelala karakanani, nimeibiwa baiskeli niliyoiegemea. Sijawahi kukwama kama nilivyokwama pale. Kila nilivyosema "naapa", walicheka zaidi. Nilipopandisha sauti, wakapiga makofi. Mke wangu akasimama akasema, "Anasema kweli!" na mtu akamjibu, "Na wewe umeshaambukizwa, mama!"

Nikamgeukia Mama Pasi. "Mama, waambie wewe."

Alikuwa bado ameshika hewa pale mtoto alipokuwa. Akaiangalia mikono yake, akaishusha.

"Nikisema mimi," akajibu kwa upole, "watasema nimelidandia."

Basi amebaki mtu mmoja.

"Baba," nikasema. "Waambie Mama anaitwa nani."

Kicheko kikapungua. Baba si mtu wa mzaha, kila mtu analijua hilo. Wakamgeukia. Neno moja tu la yule mzee, na jambo lote lingenyooka kama kola.

Baba akafungua mdomo. Jasho lilikuwa linamtoka. Akamtazama aliyemzalia mtoto, mara ya kwanza tangu sanduku. Akamtazama aliyemlelea. Akatazama chini.

"Mimi," akasema, "namjua Mama Pasi."

"Mnaona?" Shangazi akasema. "Haya, tuendelee. Wapi soda?"

Mama Pasi akasimama. Akanyoosha gauni lake kwa viganja, mbele, halafu nyuma. Watu wakampisha wakidhani anakwenda kusaidia kugawa vinywaji. Akapita soda, akapita meza, akafika mlangoni. Akainama kwenye lile rundo, akachagua viatu vyake, kimoja, cha pili, akavivaa bila haraka.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Umetimiza yako, mwanangu," akasema. "Umelisema, na mimi nimelisikia. Iliyobaki si yako." Akamtazama Baba juu ya vichwa vya watu. "Mzee, pasi nimeizima. Maji yako yako jikoni. Siku ukinihitaji, utaniita."

"Nitakuitaje?" Baba akauliza. Naapa aliuliza hivyo, kama mtoto.

"Unajua," akasema, akatoka.

Hakuna aliyecheka tena. Tulisikia viatu vyake kwenye kokoto, halafu kwenye lami. Nikaenda mlangoni. Alikuwa anatembea katikati ya barabara, mgongo umenyooka, mkononi hana kitu, hata mkoba.

Baba akanipita peku. Akasimama kizingitini, pale pale alipomsimamisha Mama siku ile ya kwanza.

"Mama Pasi!" akaita.

Hakugeuka.

"Mwenzangu!"

Wapi. Alikuwa anakaribia kona, na baada ya kona kuna stendi.

"Wewe!"

Akazidi kwenda.

Nikamwona Baba anashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Kifua kikapanda. Shingo ikavimba mishipa. Kile alichokuwa anakilinda miaka yote kikampanda kooni, kikakwama, akakilazimisha, na hatimaye akalitoa. Jina lile. Kwa sauti iliyopasuka katikati, likafika konani, likagonga kuta za nyumba za ng'ambo, likarudi.

Mama akasimama. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, hajageuka bado, lakini amesimama. Niliona kichwa chake kikianza kugeuka.

Na nyuma yetu, kutoka ndani, katikati ya sebule, mwanamke aliyempakata binti yangu akaitika kwa sauti tamu ya kusikika barabara nzima:

"Abee, mume wangu!"